Meneja Amenunua Baiskeli

Tangu meneja wetu anunue baiskeli, ofisini kwetu Nakuru hatufanyi kazi tena, tunapanda milima. Ripoti ya robo mwaka ni mlima. Mteja asiyelipa deni ni upepo wa mbele. Karani akiomba ruhusa ya siku mbili akamzike shangazi yake Rongai, anakumbushwa kwamba safari ndefu haikatizwi njiani. Nawe ukichelewa kwa kuwa matatu imekaa Free Area ikingoja abiria wawili wa mwisho, wale ambao huwa hawaji, unashikwa bega kwa upole unaotisha na kuulizwa, "Ndugu yangu, mbona umepoteza mwendo?"

Baiskeli yenyewe ni nzuri. Mgala muue na haki umpe. Ni ya kaboni, nyepesi hata mtoto wa chekechea ataibeba, na kwa bei yake ungepata Probox iliyokula chumvi nyingi lakini bado inawaka asubuhi. Inalala ofisini, kwenye kona iliyokuwa ya mashine ya kunakili. Mashine ya kunakili imehamishiwa korido ya choo, kwa hiyo siku hizi ukitoka mbio na karatasi mkononi wenzako wanakupisha haraka wakidhani umebanwa.

Masomo yalianza aliporudi kutoka Naivasha. Kutoka Nakuru hadi Naivasha ni kilomita 70 hivi, safari ya heshima kwa mtu wa umri wake na tumbo lake, na ningempongeza kwa moyo mweupe kama asingetuita ukumbini Jumatatu asubuhi kutuonyesha picha. Meneja akiwa Mbaruk: BIDII. Meneja akilitazama Ziwa Elementaita, mkono kiunoni: MAONO. Meneja akiwa Kikopey, ameiegemea baiskeli, moshi wa nyama choma ukimpita usoni na hajala hata ubavu: NIDHAMU. Ukizikagua picha hizo vizuri, nyuma kwenye kila moja kuna gari la ofisi, taa za tahadhari zikiwaka, na dereva wetu ndani anasinzia, amepakia maji, ndizi, gurudumu la akiba na koti la mvua. Niliingoja picha ya dereva na neno lake. Haikuja.

Katika Tour de France kuna gari la namna hiyo. Huitwa gari la ufagio, na limekuwa likifuata mashindano tangu 1910 likiwaokota walioshindwa kuendelea. Kule ukishaingia ndani umetoka mashindanoni, kwisha. Meneja wetu aliingia Kariandusi, pale mlima unapoanza kusema kweli, akatoka Kikopey kupiga picha ya nidhamu, akarudi ndani, akatoka tena Gilgil ambako barabara inaanza kuteremka. Haya nimeambiwa na dereva, na dereva hana sababu ya kunidanganya. Alinisimulia bila kucheka, na mimi sikucheka mbele yake.

Nisichukuliwe kuwa adui wa baiskeli. Ninayo yangu, ya chuma, ya mtumba, gia zake mbili zimestaafu kabla yangu, na Jumapili ambayo haina harusi wala harambee utanikuta njiani na wenzangu. Nimepanda kutoka Salgaa kwenda Sachangwan nikipumuliwa mgongoni na malori yanayokwenda Malaba. Pale mtu husali kwa lugha ambazo hakuzaliwa nazo, maana upande wa pili kuna madereva wanaoteremka gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta, na barabara hiyo imeua watu wengi mno kwa mimi kuitania. Nimekwenda Mogotio hadi kwenye alama ya Ikweta, ambako jua halina simile. Kwa hiyo najua kilichomo katika safari ndefu, na kinachoniudhi si baiskeli. Kinachoniudhi ni kwamba meneja ameiendea baiskeli anavyokwenda mtu soko la Wakulima na kapu lililotoboka. Jasho, uvumilivu na mlima vimefika ofisini salama. Kupumzika, kula na kupokezana upepo vyote vilidondoka njiani.

Chukua huo upepo. Hakuna aliyewahi kuendesha mbali na wenzake asiyejua kwamba anayetangulia ndiye anayeukata, na anayemfuata amejibanza nyuma ya gurudumu lake, kwa mwendo wa mashindano, huokoa robo hadi theluthi ya nguvu zake. Ndiyo sababu wanapokezana. Unakaa mbele dakika chache, unatikisa kiwiko, unasogea pembeni, mwenzako anapita, wewe unarudi nyuma kupumua. Hakuna kikao, hakuna waraka. Katika kundi letu la Jumapili yumo wakili mmoja mwenye gari tatu na kitambi cha kesi za mashamba; naye hupewa zamu yake mbele, na akisimama kujifanya anafunga kamba za viatu tunamngoja afunge.

Ofisini kwetu anayekata upepo ni msichana wa mapokezi, na amekuwa mbele tangu aajiriwe. Wateja wenye hasira ni wake. Simu za makao makuu Nairobi ni zake. Askari wa kaunti wakija kuulizia leseni ya biashara, yeye ndiye anayewapa viti na kuwaambia mkubwa ametoka kidogo. Nyuma yake yuko karani, nyuma ya karani mimi, nyuma yangu mhasibu, na nyuma kabisa, mahali ambapo hata karatasi haipeperuki, yuko meneja akitusihi tusipoteze mwendo. Nilipendekeza katika kikao kwamba tupokezane, hata kwa saa moja tu kwa wiki meneja akae mapokezi. Alinitazama kwa muda, kisha akasema hilo ni wazo zuri sana na litaingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Limo humo mpaka leo, limehifadhiwa vizuri.

Lakini kinachonitia uchungu zaidi ni chakula. Mtu wa safari ndefu hula kabla ya njaa na kunywa kabla ya kiu. Hilo utaambiwa na yeyote aliyewahi kulipuuza. Sukari ya mwili ikikwisha, miguu inakataa amri, macho yanaingia ukungu, na mtu mzima mwenye mke na shamba anaweza kukaa kando ya barabara pale Mbaruk akalilia mfuko wa karanga wa mtoto wa shule. Wanaoendesha kwa mshahara hula gramu 90 za wanga kila saa, wengine siku hizi wanafika 120, wakiwa juu ya baiskeli, wanapokezwa mifuko na chupa kando ya barabara. Hao ndio watu tunaoambiwa tuwaige.

Basi kampuni yetu, mara tu baada ya mafunzo ya uvumilivu, ikafuta chai ya saa nne. Na maandazi yake. Waraka ulisema hatua hiyo itatufanya kuwa wepesi mlimani. Mama wa chai, aliyekuwa akituulizia watoto wetu mmoja mmoja kwa jina huku akimimina, amehamishiwa stoo. Siku hizi ukipita idara ya hesabu saa tano na nusu unakuta kimya cha matanga. Juzi mhasibu alijumlisha mishahara ya mwezi akaijumlisha na tarehe.

"Mama, maandazi yetu yalikwenda wapi?" nilimuuliza.

"Yalipanda gari yakaenda Naivasha, baba," akanijibu bila kuinua kichwa. "Pamoja na ndizi."

Halafu yupo Froome. Hakuna somo la meneja linalokwisha bila Chris Froome, mtoto wetu wa Kenya. Ni kweli alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Ni kweli alifunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, kijana wa kizungu mwembamba akihangaika kuwafuata vijana wenzake. Ni kweli alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Meneja akimaliza kuyataja hayo hutugeukia na kuuliza, "Sasa ninyi kinawazuia nini?" Watu wote hutazama viatu vyao.

Mimi nikimtazama Froome naona mtu ambaye kwetu asingemaliza kipindi cha majaribio. Mwaka 2006, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, aliingia kwenye barua pepe ya chama cha baiskeli cha Kenya, akajisajili kwa jina la mwenyekiti katika mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 23 kule Salzburg, Austria. Akaenda. Akaanza mbio, na hata hajafika mbali akamgonga afisa wa mashindano, wote wawili chini. Hebu tuma barua pepe kwa jina la meneja wetu uone kama utavishwa jezi ya manjano.

Na yale ya 2012 hayamo kabisa katika picha za ukumbini. Mwaka huo Froome alikuwa msaidizi wa Bradley Wiggins. Kazi yake ilikuwa kumkatia bosi upepo. Siku ya kupanda La Toussuire, katika milima ya Alps, miguu ya msaidizi ikawa mizuri kuliko ya bosi. Akaongeza mwendo, bosi akaachwa. Redio ya sikioni ikamwita: ngoja. Akapunguza, akangoja. Wiggins akaichukua Tour, na Froome akawa wa pili, dakika 3 na sekunde 21 nyuma. Yeyote aliyewahi kuandika ripoti usiku kucha, ikasomwa Nairobi ikiwa na jina la mtu mwingine juu, redio hiyo anaijua sauti yake. Ila pana jambo moja: mwaka uliofuata timu ilimfanya Froome kiongozi, akashinda. Kungoja kwake kulikuwa na mwisho. Naibu wa meneja wetu amengoja mpaka watoto wake wameanza kumuuliza kama "naibu" ni jina la ukoo.

Kuhusu siku ya Mont Ventoux, 2016, sisi wa Bonde la Ufa hatuna haja ya kusimuliwa sana. Pikipiki ilisimama ghafla katikati ya umati, waendeshaji wakaivaa, baiskeli ya Froome ikavunjika, naye akaanza kuupanda mlima mbio, kwa miguu, amevaa viatu vya baiskeli. Ufaransa nzima ilishika kichwa. Hapa Nakuru tulijiuliza wanashangaa nini. Mtu aliyezaliwa nchi hii chombo kikimharibikia hukimbia.

Kuna picha moja meneja ameipa kichwa HATARI, na hapo utani wangu unakoma. Ni ya Suleiman Kangangi, mmoja wa watu walioifanya baiskeli kuwa ajira kwetu. Alipitia timu ya Kenyan Riders ya Iten, akawa wa tatu katika Tour du Rwanda ya 2017, kisha akawa miongoni mwa waliojenga timu ya Amani ili vijana wa Afrika Mashariki wapate mashindano ya maana. Agosti 2022 alianguka katika mashindano ya barabara za kokoto huko Vermont, Marekani, akafa. Alikuwa na miaka 33. Yule alifia kazini. Sitaki jina lake litumiwe kunihimiza nijaze fomu za malengo kwa ujasiri, na siku picha hiyo ilipoonyeshwa nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho mpaka ilipopita.

Mapumziko hayana maneno mengi. Tour ina hatua 21 na siku mbili za kupumzika, zimeandikwa kwenye ratiba miezi mingi kabla. Sisi tuna kundi la WhatsApp linaloitwa Mlimani Pamoja, na meneja huandika humo Jumapili saa tatu usiku, akianza na maneno "Kidogo tu".

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika, nasi tuliyatazama kwa simu chini ya meza, na meneja kwa televisheni juu ya meza. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, mlima juu ya mlima, ukijumlisha kupanda kote ni zaidi ya mita 5,400. Walianza zaidi ya 160. Walimaliza 30. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, sawa, hilo halikumshangaza mtu. Mimi nilikuwa nawaangalia wale wengine, mabingwa wanaolipwa pesa ambazo benki yangu haina, wakishuka mmoja mmoja. Hakuna aliyepewa barua ya kujieleza. Hakuna aliyeulizwa katika tathmini ya mwaka ni kwa nini alifikia sehemu tu ya lengo. Walishindwa na mlima, na kila mtu akakubali kwamba mlima ulikuwa mkubwa. Maneno hayo matatu, "mlima ulikuwa mkubwa", hayajawahi kutamkwa ofisini kwetu na mtu mwenye ufunguo wa gari la kampuni.

Halafu Remco Evenepoel wa Ubelgiji. Aligonga shimo, kiti cha baiskeli kikashuka, akasimama. Akaletewa baiskeli nyingine. Hiyo nayo hakuipenda, akaletewa ya tatu, na bado akamaliza wa pili. Kwa kiti! Changu cha ofisini kilishuka kabla Nakuru haijapandishwa kuwa jiji, na Nakuru ilipandishwa Desemba 2021. Nikikaa, mteja anaona paji la uso na kalamu. Nimeandika barua, nimepiga simu, nimefuata taratibu zote, na mwishowe nikaenda stoo kwa Mama wa chai, ambaye alinipa mto wa kanisani kwao nirudishe kabla ya Pasaka.

Wanaojua kweli kazi na baiskeli hawajawahi kuitwa hotelini Naivasha kutoa mada. Wao huteremka barabara ya Njoro alfajiri, mikebe ya maziwa imefungwa kwa blada kwenye keria, miwili ubavuni na mmoja juu, kwenye zile baiskeli nzito nyeusi zisizo na gia tunazoziita Black Mamba. Hawana kofia ngumu, hawana glovu, hawana gari nyuma lenye ndizi. Jua likichomoza wamekwisha kugawa maziwa hotelini na nyumbani mjini, na wanaanza kupanda kurudi.

Nimekutana nao kwa lazima. Meneja ametoa agizo jipya: kwa kuwa sisi sasa ni ofisi ya baiskeli, wateja wa karibu watatembelewa kwa baiskeli kila Ijumaa, ili kuokoa mafuta. Orodha ya wafanyakazi wenye baiskeli ilikuwa fupi. Ile ya kaboni haikuhesabiwa, maana haipendi matope. Njoro ikawa yangu. Ni kilomita 20 hivi kutoka mjini, na iko juu ya Nakuru kwa mita 300, ambazo hazisomeki kwenye ramani ya meneja lakini kwenye paja zinasomeka.

Nikiwa kwenye mwinuko huo, gia ya chini kabisa, ulimi nje, alinipita mzee mmoja na mikebe yake mitupu ikigongana. Hakuonekana kuharakisha. Nikajikaza nikamfikia.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Njema, kijana. Unaumwa?"

"Hapana, nafanya kazi. Mzee, hebu nisaidie. Mlimani huku, wewe hutazama kilele au hutazama gurudumu la mbele?" Hilo ndilo lilikuwa somo la wiki ile.

Akafikiri kidogo, kwa adabu. "Mimi hutazama jua. Likinikuta Ngata nikiwa na mzigo, maziwa yanageuka mala, na hoteli hailipi bei ya maziwa kwa mala." Kisha akaitazama kofia yangu, kadi ya kazi inayoning'inia shingoni, na ile mikoba ya faili. "Ninyi mnalipwa kwa lita?"

Nikamwambia tunalipwa kwa mwezi.

"Basi punguza," akasema. "Utajiua bure." Akaenda zake, mikebe ikigongana, na kwenye kona iliyofuata sikumwona tena.

Niliporudi nilijaza fomu ya marupurupu ya usafiri, kilomita 40 kwenda na kurudi. Mhasibu akairudisha: ambatisha risiti ya mafuta. Nikaambatisha ya kibanda cha Njoro mjini, chapati nne, ndengu, ndizi mbili na chai ya kikombe kikubwa. Ikarudi tena, safari hii kwa wino mwekundu: jaza nambari ya usajili wa gari. Nikaipindua baiskeli miguu juu pale mapokezi, msichana akanimulikia kwa tochi ya simu huku akimwomba mteja asubiri, tukasoma tarakimu zilizochongwa chini kwenye fremu, karibu na pedali, tukazijaza zote. Fomu ikapelekwa Nairobi. Wiki hii makao makuu wamejibu. Wanauliza gari hilo ni la tani ngapi, na kama lilipitia mizani ya Gilgil.